Vikorokoro vya Kaka na Bega la Wifi

Kaka yangu hajawahi kufyatua risasi hata moja maishani mwake. Mlango ukibamizwa na upepo, yeye humwaga chai. Kwa hiyo nikiwaambia watu kwamba ndiye aliyeivalisha bunduki ya mkewe mpira, chuma, springi na matundu, hudhani natia chumvi. Mimi chumvi natia, sikatai, lakini kwa jambo hili haikuhitajika.

Kazi yake ilikuwa springi na shokapu. Gereji nzima walimwita Fundi Springi, jina likamfuata hadi nyumbani, na hata mkewe akalizoea akawa anamwita Fundi. Injini hakuijali, rangi hakuijali. Gari likiingia kwake linaruka kama mbuzi, lilitoka linateleza. "Mimi natibu makalio ya abiria," alikuwa akiwaambia wageni mezani, bila aibu, na marehemu mama yetu alikuwa akigeuka kutazama ukutani. Alikuwa msemaji huyo. Ukimuuliza saa ngapi, anakueleza jinsi saa inavyofanya kazi.

Kisha gereji ikauzwa. Wenyewe wapya wakamwambia siku hizi shokapu haitengenezwi, inatolewa nzima na kuwekwa nyingine. Akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, akalisukuma chini ya kitanda, akaketi kwenye kiti kilicho kati ya friji na dirisha la jikoni. Ndiyo ikawa hivyo. Hakuwa mgonjwa. Alikula, alioga, aliitikia ndiyo na hapana. Lakini yale maneno yake yote, yale tuliyokuwa tukimwomba ayapunguze, yalikwisha. Wifi yangu alikuwa akimwongelesha hivyo hivyo, asubuhi hadi jioni, akipata jibu la neno moja kama mtu anayekamua chungwa kavu. Mimi nilimwogopa. Ni aibu kumwogopa ndugu yako aliyekaa kimya tu, lakini nilikuwa nikipita jikoni haraka haraka.

Huyo wifi yangu ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba: kiti kimoja, kioo kimoja, benchi la wanaosubiri, na sinki nyuma ambako mimi ndiye naosha vichwa. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vyepesi, na wateja hutoka mbali kwa sababu mistari yake hunyooka kama imepigwa rula. Hayo kila mtu anayajua. Jambo ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba kila Jumamosi mchana hufunga saluni, huchukua bunduki ya marisau, ile inayotawanya vipande vidogo vya risasi, kutoka kabati la chuma, na kwenda kuvunja visahani.

Nyuma ya machimbo ya mawe yaliyoachwa kuna uwanja wa kulengea shabaha. Mashine inarusha kisahani cha udongo hewani, nawe unakipiga kabla hakijatua. Baba yake wifi alikuwa mtunzaji wa uwanja ule, na wifi akiwa msichana alikuwa akiokota vile visahani vilivyonusurika. Bunduki ni ya baba yake, aliachiwa kihalali, na leseni ina jina lake. Baba mtu alikuwa na mikono mirefu, na kitako cha bunduki kilikuwa kirefu kumfaa yeye, lakini wifi aliizoea tangu ujana. Alikuwa akisogeza kidevu mbele, anaikumbatia, na anatumia risasi nyepesi tu. Waliishi vizuri, yeye na bunduki yake. Ilikuwa ikimsukuma kidogo begani, naye haikumuudhi.

Wiki moja duka la bunduki likaishiwa risasi nyepesi. Zilikuwepo zile nzito, za watu wanaowinda nguruwe pori. Wifi, kwa kuwa hakutaka kukosa Jumamosi yake, akazinunua. Vile visahani vilivunjika, lakini na bega nalo lilipata habari yake. Jumatatu alikuwa jikoni anabadilisha blauzi, na kaka yangu, kutoka kile kiti chake, akaona alama nyeusi begani mwa mkewe.

"Nani amekupiga?" akauliza.

Nilikuwa namimina maji ya moto. Nikaacha kumimina. Ilikuwa sentensi nzima, yenye kiulizo mwishoni.

"Bunduki," akasema wifi.

"Bunduki gani inayompiga mwenyewe? Haina shokapu?"

Nilimwona wifi akifungua mdomo. Alikuwa anataka kumwambia kwamba ni zile risasi tu, na kwamba risasi nyepesi zikirudi dukani mambo yatakwisha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha kaka akasimama. Akakisukuma kile kiti nyuma, akamsogelea, akaligusa bega kwa kidole kimoja kama anavyogusa bati lililobonyea, akaanza kueleza kwamba nguvu yoyote inayokwenda mbele lazima irudishe kitu nyuma, na kwamba mtengenezaji wa bunduki ile hakumfikiria kabisa abiria. Wifi akafunga mdomo.

Baadaye akanikuta kwenye sinki. "Wifi," akaninong'oneza, "ukimwambia habari za risasi, nitakunyoa kipara ukiwa umelala."

"Kwani mimi nina mdomo?" nikamwambia.

"Unao, na hauna mlango."

Basi kaka akaenda kwa muuza bunduki, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, na huko wakapatana kama walionyonya ziwa moja. Alirudi na mpira mnene wa kuvalisha kwenye kitako, unavutwa mpaka unakaa kama soksi. Wifi akaitoa bunduki kabatini, akaifungua na kuhakikisha ni tupu, kama afanyavyo kila siku, ndipo kaka akaishika. Alitumia mchana mzima kuuvalisha ule mpira, kwa kazi ambayo mtoto angeimaliza akiwa amesimama.

Jumamosi iliyofuata risasi nyepesi zilikuwa zimerudi dukani. Kaka akaongozana naye uwanjani, masikio kayaziba kwa pamba, juu ya pamba kofia ya baridi, juu ya kofia viganja vyake viwili. Wifi akapiga. Kaka akakimbilia kumuuliza.

"Unaisikia wapi?"

"Siisikii kabisa, Fundi. Ni mpira huo."

Hakusema uwongo mkubwa. Maumivu hayakuwepo, ni sababu tu aliyoibadilisha. Lakini kaka yangu aliongea kutoka uwanjani hadi mlangoni. Aliongea habari za mpira laini na mpira mgumu, akaongea habari za basi fulani lililokuwa likiwatapisha abiria mpaka alipoligusa yeye, akaongea akivua viatu. Wifi alimsikiliza kama mtu anayeletewa habari za mtoto kuzaliwa. Jioni ile nilimsikia akiimba akiwa anafua taulo, na mimi nikasema moyoni, mwongo huyu mwacheni.

Kosa lake lilikuwa moja. Alidhani kaka ataridhika. Mwanamke aliyeishi na fundi miaka yote hiyo, akadhani kwamba ukimwambia fundi imepona ataacha kuigusa.

"Imepungua," kaka akasema kesho yake, akizungukazunguka jikoni. "Lakini bado inasukuma. Nimeona bega lako likirudi. Kitu kizito husukumwa kwa shida kuliko chepesi. Lori tupu linaruka, lori lenye mzigo linatulia."

Akaleta kipande cha chuma kizito cha kutumbukizwa ndani ya tundu la kitako. Kweli, bunduki ikatulia. Ikawa pia nzito kiasi kwamba wifi, akifika kisahani cha mwisho, alikuwa anaiinua kama anachota maji kisimani. Kaka akamuuliza anaisikia wapi. Akasema haisikii.

Baada ya hapo kikaja kifaa cha kufunga mdomoni mwa mtutu, chenye matundu ya kutolea moshi pembeni. Hicho kilifanya kazi yake barabara, ila moshi na kishindo vyote vilienda upande, na upande kulikuwa na daktari wa meno, mwanachama wa siku nyingi. Daktari huyo alivumilia zamu moja. Zamu ya pili alihamisha vitu vyake mwisho kabisa wa uwanja, na hadi leo anaongea kwa sauti ya juu hata akiwa karibu nawe. Kisha likaja koti lenye mto begani. Wifi akilivaa alionekana kama amebeba mtoto aliyelala upande mmoja, na mwanamke mmoja aliyempita njiani alimwambia pole kwa kulea.

Mwisho ikaja springi. Hapo kaka alikuwa amefika kwao. Ilikuwa ni kitako kizima cha kufungwa nyuma ya kitako, ndani kina springi halisi na mafuta, bunduki ikirudi nyuma springi inaimeza. Usiku na mchana aliizungumzia. Aliibonyeza kwa kiganja mezani, akaiacha ipande taratibu, akaibonyeza tena, akacheka peke yake. Sijawahi kumwona mtu anayempenda mkewe akibonyeza kitu kwa mapenzi namna ile.

Sasa, vifaa vyote hivyo ni vizuri. Sitaki muuza bunduki aje anishitaki. Tatizo ni kwamba mpira unaongeza unene wa kidole, mto wa koti unaongeza kingine, na springi inaongeza vidole vingi tu, wakati mkono wa wifi umebaki vile vile alivyoumbwa nao. Bunduki iliyokuwa ndefu kidogo ikawa ndefu kupita kiasi. Haikuweza tena kukaa katika kile kishimo cha bega. Ilitelezea nje, ikakaa kwenye nyama ya mkono, na huko ndiko ilikompiga. Shokapu zote zile zilikuwa zinafanya kazi, ila zilikuwa zimemkalisha abiria nje ya kiti.

Maumivu yakawa ya kweli. Wifi akaanza kuvaa mikono mirefu jua likiwaka. Kaka akimuuliza unaisikia wapi, anajibu haisikii, anatabasamu, anageuka upande ule mwingine. Visahani vikawa vinatua salama kwenye majani, vingi kuliko vilivyovunjika, na kaka akawa anasema ni upepo.

Kwenye saluni mambo yakaanza kuonekana. Msusi huishi mikono ikiwa juu. Wifi alikuwa anausuka upande wa kushoto vizuri, akifika kulia mkono unachoka, unashuka, na mistari inashuka nao. Mteja mmoja akajitazama kiooni akauliza mbona upande huu unaelekea sikioni.

"Ndio mtindo," akasema wifi, uso mkavu.

Mteja akaondoka na mtindo wake. Wiki iliyofuata wakaja wasichana wawili, hatukuwajua, wakataka wasukwe ile ya kulala upande mmoja. Nililazimika kwenda nyuma kucheka kwenye taulo. Lakini wifi alikuwa hacheki. Alipomaliza kuwasuka alikaa kwenye benchi, mkono wa kulia kaulaza mapajani kama kitu cha kuazima.

Hapo nikamkalia kooni. "Mwambie. Leo hii. Mwambie zilikuwa risasi."

"Kisha?"

"Kisha afungue mavikorokoro yake, upone."

"Kisha arudi kwenye kile kiti," akasema. "Wewe ulikuwa unapita jikoni mbio, nilikuwa nakuona. Mimi nilikuwa nalala naye. Nilikuwa namuuliza, Fundi, una nini, ananiambia sina kitu. Akirudi kule, wifi, mimi nitaongea na nani?"

"Na mkono ukifa, tutakula maongezi?"

Na mimi nilikuwa nimesema kwa hasira, lakini hasira yenyewe sikujua namkasirikia nani. Nilikuwa nataka mkono wake upone, na nilikuwa nataka kaka aendelee kutuchosha kwa maneno, na havikuwa vinawezekana pamoja.

Asubuhi iliyotuletea mwisho wa jambo hili, kitini alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Kichwa kilikuwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na alikuwa na kikao cha wazazi. Kaka akaingia kutoka ndani, ameshika futi ya kupimia na msumeno mdogo uliofungwa kwenye gazeti, uso unang'aa.

"Mke wangu, nimepata ya mwisho. Springi kubwa zaidi. Nitakata kidogo ule ubao wa kitako ili ikae vizuri. Nipe mkono nipime."

"Usikate ubao wa baba," akasema wifi haraka. "Na nina mteja."

"Ni kupima tu. Mwalimu, samahani."

"Pima tu, Fundi," akasema mwalimu mkuu kwa adabu, ambayo baadaye nadhani aliijutia.

Kaka akamshika mkewe kiwiko akauinua mkono. Wifi akatoa sauti ndogo, kitana kikamdondoka. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, lakini kaka aliisikia. Mtu aliyeshinda miaka akisikiliza milio midogo chini ya magari hawezi kukosa kusikia. Akaupandisha ule mkono mrefu wa blauzi taratibu mpaka juu.

Hapakuwa na alama moja. Kulikuwa na ya zambarau, na chini yake nyingine ya kijani, na nyingine iliyoanza kuwa njano.

"Hii ya lini?"

"Jumamosi."

"Na hii?"

"Ile ya nyuma yake."

Mwalimu mkuu akasema angeweza kusubiri nje, lakini wifi alikuwa bado ameushika msuko wake kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hakwenda popote. Mimi nikafungua bomba la sinki, maji yakawa yanamwagika bure, ili niwe na kazi ya kufanya.

Wifi akasema yote. Risasi nzito, duka kuishiwa, mdomo wake alioufunga jikoni. Alisema akiitazama sakafu na nywele zilizokuwa pale chini. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ule uliong'aa ulizimika polepole.

"Kwa hiyo hapakuwa na tatizo."

"Hapakuwa."

"Na springi?"

"Springi ni nzuri sana, Fundi. Kwa mtu mwenye mikono mirefu."

Hakucheka. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote," akasema, "na sijawahi kumrudisha mtu barabarani na gari linalomuumiza. Sasa wa kwanza ni wewe. Nilikuwa nakuuliza. Kila Jumamosi nilikuwa nakuuliza, na wewe unaniambia huisikii." Akaketi kwenye benchi la wanaosubiri, msumeno mapajani, akanyamaza.

Niliuona ule unyamavu. Nilikuwa naujua. Nikasema basi, amepata kiti kingine, na huyu mwanamke atazeeka akiongea na kuta. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka kumtikisa na wifi pia, na nikiwa hapo hapo nimtikise na mwalimu mkuu.

Wifi hakumsogelea, maana alikuwa na kile kichwa mkononi. Akamwambia kutoka pale pale aliposimama.

"Unataka kujua naisikia wapi? Hapa mkononi naisikia, sana. Lakini hii si kitu, hii inapona. Ulipokuwa umekaa kule jikoni huongei nami ndipo nilipoumia, na hiyo sikuwa na pa kuionyesha. Ningevumilia bunduki kumi."

Maji yakawa yanamwagika. Kaka akaufungua ule msumeno kwenye gazeti, akaufunga tena.

"Siku ile gereji walinipa mkono wa kwaheri," akasema mwishowe, akiliambia gazeti. "Vijana wazuri tu, wana heshima. Wakaniambia, mzee, umefanya kazi sana, nenda kapumzike. Nikawaambia asante." Akaugeuza ule msumeno mapajani. "Sikuwa nimechoka, mke wangu. Sikuwa nimechoka hata kidogo."

Hilo hatukuwa tumelisikia. Muda wote ule hakuna aliyelisikia, hata mimi niliyezaliwa naye. Wifi machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Fundi," akasema mwalimu mkuu kwa upole, bila kugeuza kichwa, "endelea kutueleza, tunakusikiliza. Ila nami nusu ya kichwa changu iko wazi, na wazazi wanakuja."

Kaka akainuka. Akauweka msumeno dirishani, akaokota kile kitana, akakifuta kwenye shati lake, akampa mkewe. Kisha akasimama nyuma yake, akatia kiganja chini ya kiwiko chake cha kulia, akauinua ule mkono mpaka kwenye kichwa cha mwalimu mkuu na kuushikilia hapo, uzito wote juu yake. Wifi akajaribu vidole. Vikacheza.

"Juu kidogo," akamwambia.

Akaupandisha kidogo. Wifi akagawa nywele, akaanza mstari, na kaka, kiganja chake hakitikisiki, akaanza tena kutoka siku ile ya gereji, nani alisema nini na nani alimtazama wapi. Nilifunga bomba ili nisikie vizuri.